Umepita kwa Nani?

Ndugu msikilizaji, juma lililopita niliahidi kukueleza kwa nini sauti yangu haikusikika hewani mwezi wa Julai. Ukweli ni kwamba nilikuwa njiani, na sikuwa ndani ya basi. Nilitembea kwa miguu kutoka Kahama mpaka Geita, kama kilomita 120, nikiwa na mkoba mmoja, fimbo moja na kifuko cha michembe. Jamaa zangu wa mjini walicheka sana. Mmoja aliniuliza kama nimeweka nadhiri, mwingine akasema pensheni imechelewa hata nauli imenishinda. Wote walikosea. Mimi nilikuwa nalipa deni.

Deni lenyewe ni hili. Kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu wa historia. Kila mwaka nilichora ubaoni ramani ya nchi yetu, nikaweka vidoti kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora vidoti vingine kuelekea kaskazini, kisha nikaandika kwamba mnamo tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke aligundua Ziwa Victoria. Watoto waliandika, walifanya mtihani, walishinda. Nami jioni nilirudi nyumbani kwa babu yangu mzaa baba, ambaye marehemu baba yake alikwenda pwani mara tatu akibeba mizigo ya watu, akarudi na kinundu begani kama cha ng'ombe. Sikuwahi kumwandika ubaoni. Wala sikuwahi kukanyaga hata kidoti kimoja cha vile nilivyochora.

Basi mwaka 2023, baada ya mavuno, wakati ule ule wa mwaka ambao wazee walikuwa wakiondoka, nami niliondoka.

Nilianzia Buzwagi kwa makusudi. Ni kilomita chache tu kutoka mjini Kahama, na huwezi kupakosa kwa sababu pana vilima ambavyo Mungu hakuviumba. Ni mawe yaliyotolewa chini na kurundikwa. Mgodi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na mwaka 2021 uchimbaji ukakoma. Miaka 12. Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza ya mgodi hakumaliza shule ya msingi kabla mgodi haujafungwa. Sasa Serikali imepatenga mahali hapo pawe eneo la viwanda, na sina sababu ya kupaombea mabaya. Lakini nilisimama pale nikakumbuka kwamba mkataba wa mgodi huu ulitiwa saini London, Februari 2007. Agosti mwaka huo mbunge Zitto Kabwe akasimamishwa kuhudhuria Bunge baada ya kutaka suala la mkataba huo lichunguzwe. Novemba, Rais Kikwete akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, na mwaka 2010 tukapata sheria mpya ya madini. Hayo unayajua, yaliandikwa sana magazetini. Lililonisimamisha mimi ni umbali: karatasi ya kijiji cha mgambo na mihogo kutiwa wino katika mji ambao hakuna mwanakijiji aliyeuona. Nililibeba wazo hilo mkobani kwa siku sita, na utaona lilivyonirudia njiani.

Twende basi.

Jambo la kwanza ambalo miguu hukufundisha katika nchi hii ni kwamba majina ya watu wake ni majina ya njia. Sisi mijini tunasema "Wasukuma" kama tunavyosema jina la kabila lolote. Lakini sukuma maana yake ni kaskazini. Dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Mtu wa Tabora alipoulizwa wale wa kule ni nani, alijibu: ni watu wa kaskazini. Nao wa kaskazini wakasema wale ni watu wa kusini, Wadakama. Hata jina la Wanyamwezi walipewa na watu wa pwani, na wengi husema lilitokana na upande ule mwezi mchanga unakoonekana. Hawa ni watu waliotajana kwa kuonyeshana kidole. Nchi iliyokaa mahali pamoja haipeani majina namna hiyo.

Na kweli hawakukaa. Kabla Mwarabu wala Mzungu hajafika, Wasukuma walikuwa wakienda Ziwa Eyasi kuchota chumvi, siku nyingi kwenda na siku nyingi kurudi, porini kwenye simba. Kutoka upande wa Geita ninakokwenda, Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma, walifua majembe yaliyosafiri mabegani mwa watu hadi Unyamwezi, na jembe lilikuwa mahari, tena lilikuwa fedha. Pembe za ndovu zilipopanda bei huko Unguja katika karne ya 19, watu hawa hawakuhitaji kufundishwa njia. Waliiongeza tu urefu mpaka baharini.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo nilipokosea ubaoni.

Mpagazi wa Kinyamwezi, kwa sehemu kubwa, hakuwa mtumwa. Alikuwa mtu huru aliyepatana ujira. Alibeba kilo 30 hivi, na wa pembe alibeba zaidi, juu ya bega na si kichwani kama watu wa pwani. Ndiyo asili ya kile kinundu cha babu. Alilipwa kwa shanga, kwa waya, na kwa kitambaa cha marekani, kilichoitwa hivyo kwa kuwa kilitoka viwanda vya Massachusetts. Alidai posho yake kila siku, na neno hilo posho mnalolipenda sana maofisini, ndugu zangu wa semina, lilivuma kwanza katika njia hizi. Msafara ukimdhulumu, alitua mzigo. Wenzake nao walitua. Mwenye mali akabaki porini na marobota yake, akijifunza adabu. Mbele alitangulia kirangozi, amevaa nguo nyekundu na manyoya, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita, hata mwenye mali mwenyewe. Kijana ambaye hakuwahi kwenda pwani alichekwa na wasichana. Watu wa Unyamwezi walihesabu safari ile kama sisi tunavyohesabu cheti.

Sasa mrudie Speke. Julai 1858 alimwacha mwenzake Richard Burton kule Kaze, ndiyo Tabora ya leo, akaelekea kaskazini. Alijuaje kwamba kuna ziwa? Aliambiwa. Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa Kaze, alikwisha kuwaeleza habari zake. Njia aliijuaje? Aliongozwa. Alipita Unyambewa, akapokewa na mtemi mwanamke aliyeitwa Ungugu, ambaye alimpapasa nguo na viatu kwa mshangao, mgeni naye akiwa na haraka ya kuondoka. Akapita Msalala, jina ambalo leo ni la halmashauri yetu hapa jirani. Macho yake yalikuwa mabovu, akavaa miwani ya kijivu, na watu walijazana kuchungulia nyuma ya vioo hata akaivua akaitia mfukoni. Nisamehe, lakini nilipokuwa natembea jua la saa saba likinipiga usoni nilicheka peke yangu: mgunduzi amevua miwani, na wanaomzunguka wanaona vizuri kabisa.

Tena alikuwapo Sidi Mubarak Bombay. Huyu alizaliwa Uyao, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi Afrika akiwa huru. Alikwenda na Burton na Speke, akarudi tena na Speke na Grant miaka ya 1860 hadi 1863, akawa na Stanley mwaka 1871, kisha akamfikisha Cameron kutoka pwani yetu hadi bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Tafuta katika hao Wazungu yupi alitembea safari zote hizo nne. Hakuna. Lakini katika madaftari ya wanafunzi wangu Bombay alikuwa "mtumishi".

Siku ya tatu, kabla ya Kakola, nilikamatwa.

Nasema nilikamatwa, ingawa hawakunishika mkono. Vijana watano, wawili wana mapinde, walinisimamisha kwenye kichochoro cha minyaa. Walikuwa sungusungu. Utakumbuka kwamba jeshi hili la jadi lilianza huku huku Kahama na kaskazini ya Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipozidi na watu wakachoka kungoja polisi. Niliwasalimu, "Mwangaluka!" Wakaitikia, maana salamu hainyimwi, lakini hawakupisha. Wakataka kujua mimi ni mwana wa nani, natoka wapi, nalala wapi, na kwa nini mtu mwenye viatu vizuri anatembea wakati bodaboda zipo. Nikawaambia naangalia nchi. Hapo ndipo nilipoharibu. Mkubwa wao akaonyesha kidole daftari langu.

"Unapima?" akauliza.

Nikasema sipimi, naandika.

"Baba," akasema kwa heshima kabisa, "huku tukiona mtu anatembea na daftari, tunajua mwaka ujao tutahama."

Wakanipeleka kwa mzee wao. Nilikaa chini ya mwembe kama saa mbili. Nikaulizwa upya, ukoo hadi ukoo, mpaka tukafika kwa mtu mmoja aliyemwoa binamu wa marehemu mama yangu. Hapo uso wa mzee ukafunguka, likaja ugali wa mtama, ikaja nsansa, likaja na kibuyu cha maziwa mgando. Nililala kwake. Asubuhi kijana yule yule wa upinde alinisindikiza hadi mpaka wa kijiji akanikabidhi kwa sungusungu wa kijiji kinachofuata, kama posta inavyokabidhi barua.

Usiku ule sikupata usingizi upesi, nikawa nawaza juu ya neno hongo. Leo neno hilo linanuka. Ukilitaja, unafikiri bahasha na ofisi. Lakini katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru halali wa mtemi. Msafara ukiingia nchi ya mtu ulisimama, ulieleza shida yake, ulipatana, ulilipa vitambaa na waya, ngoma ikapigwa kuonyesha kwamba njia imefunguliwa. Speke alipopita tena mwaka 1861, akielekea Uzinza na Karagwe, alilia kwa hongo kurasa kwa kurasa. Mtemi Lumeresi wa Uzinza alimkalisha kwa wiki nyingi, naye akiwa mgonjwa wa kifua. Mtemi Myonga alishambulia msafara wa mwenzake Grant na kuchukua mali. Suwarora wa Usui naye akataka chake. Vitabu vyote nilivyosomea ualimu viliwaita watemi hawa walafi. Nami nilifundisha hivyo.

Siwatetei kwa kila jambo, hasa Myonga. Lakini hebu utazame msafara kwa macho ya mwenye kijiji. Wanaume mia na zaidi wenye bunduki wanaingia kiangazi, wanakunywa kisima chako, wanakula akiba yako ya mtama, huenda wana ndui, na kesho hawapo. Hongo ilimlazimisha mgeni akae chini, aseme yeye ni nani. Haikuwa rahisi mgeni kupita katika nchi hii bila kujieleza kwa mwenye nchi au kwa watu wake. Wale vijana wa mapinde walinifanyia jambo lile lile, isipokuwa hawakuniomba hata shilingi. Nikiulinganisha ule mwembe na chumba cha London cha Februari 2007, najua ni wapi palipokuwa na maswali mengi zaidi.

Kakola ndipo penye mgodi wa Bulyanhulu. Nilipita nje ya uzio mchana. Hapa palikuwa na maelfu ya wachimbaji wadogo mpaka Agosti 1996 walipoondolewa ili kupisha uchimbaji mkubwa, na mabishano juu ya namna walivyoondolewa yaliendelea kwa miaka. Mgodi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Jirani yangu mmoja wa njiani, mwanamume aliyebeba kiroba cha mawe begani, bega lile lile la kushoto, aliniambia baba yake alitoka hapo kwa miguu hadi Nyarugusu, na yeye amezaliwa huko. Tulitembea pamoja nusu siku. Alinifundisha kulitambua jiwe kwa kulilamba. Mpagazi wa leo habebi pembe, anabeba mawe kupeleka kwenye karasha, na bado anajua kila mti wa kivuli na kila nyumba itoayo maji.

Barabara sikuipenda. Niliifuata tu niliposhindwa kuona kijia. Na vijia vimepungua, tusidanganyane. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwahamisha watu kutoka kwenye miji yao ya zamani iliyotawanyika na kuwapanga kandokando ya barabara, na njia iliyounganisha mji na mji ikakosa wa kuipita, ikaota nyasi. Miti nayo ina hadithi yake. Enzi za Mwingereza, watu wa Shinyanga walihimizwa kufyeka misitu ili kumfukuza mbung'o, wakafyeka kweli kweli, mpaka ilipofika miaka ya 1980 mkoa ukawa unaitwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofufua ngitili, yaani yale malisho ya akiba ambayo wazee waliyazuia yasilishwe mpaka kiangazi kikali. Zaidi ya hekta 300,000 zimerudi kuwa na miti. Mtu wa basi haoni, anaona vumbi na vibao vya soda. Mimi nililala kivulini mwa ngitili mbili, na katika ya pili mwenyewe alikuja mbio akidhani ni mwizi wa kuni. Tukamalizia kwa salamu.

Wapo watakaosema haya ya kutembea ni mambo ya kizungu, ya watu wenye mabegi ya migongoni na chupa za maji. Hao wamesahau Oktoba 1967. Baada ya Azimio la Arusha vijana wa nchi hii walitembea kutoka mikoani kuliunga mkono, na mmoja wao, Seth Benjamin, alifia njiani. Mwalimu Nyerere naye alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuhudhuria mkutano wa TANU. Nilikuwa kijana mdogo wakati huo. Babu yangu alipoisikia habari ile redioni aliuliza swali moja tu, nami sikulielewa: "Amepita kwa nani?"

Nilidhani anauliza njia. Nikamtajia miji. Akatikisa kichwa akaendelea na kazi yake.

Niliingia Geita siku ya sita jioni, vidole viwili vimetoka kucha. Geita ni mkoa tangu mwaka 2012, na mji wake una pilikapilika kama Kariakoo. Mgodi wa zamani hapa ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na ulikuwa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Huu wa sasa ulianza mwaka 2000. Lakini sikwenda kuutazama. Nilikwenda kwa bibi mmoja mzee sana, dada wa rafiki wa baba, ambaye nilikuwa nimeelekezwa kwake tangu nyumba ya pili niliyolala. Alikuwa amekaa mlangoni anapepeta. Haoni vizuri. Nilimwamkia, "Mwadila, mayu," akaitikia, akauliza sauti hii ni ya wapi. Nikasema Kahama. Akauliza nimekuja na gari la nani. Nikasema na miguu.

Akaacha kupepeta.

"Umepita kwa nani?"

Safari hii nilijua la kujibu. Nikamtajia nyumba ya kwanza na jina la mwenyewe, nikataja ya pili, na mzee wa mwembe na yule aliyeoa kwetu, na vijana wa mapinde kwa majina ya baba zao, na mchimbaji wa Nyarugusu, na mwenye ngitili. Kila jina alilipokea kwa kuguna, mengine akayasahihisha: huyo si wa kule, huyo mama yake alitoka Msalala; huyo alikuwa na kaka, yu wapi siku hizi? Lilipofika jina la nane alinyamaza muda mrefu. Alikuwa rafiki yake wa unyagoni, naye hakujua kama yu hai. Nikamwambia yu hai, nimekula kwake juzi, anamsalimu.

Akaita mjukuu alete kigoda.

Juma lijalo, ndugu msikilizaji, tutazungumzia reli ya kati. Kwa leo tuishie hapa.